Kazi ya Mhandisi Hupimwa kwa Mizani Gani?

Mtu akienda sokoni kununua nazi huitikisa sikioni, akisikia maji ndani yake akaridhika. Akinunua samaki humfunua matamvua atazame wekundu wake. Akinunua kitambaa hukivuta kwa vidole. Kila bidhaa ina njia yake ya kujaribiwa kabla fedha haijatoka mkononi. Ama mchoro wa mhandisi wa majengo, huo hauna sauti wala harufu. Mwenye kujenga hukabidhiwa karatasi kumi au ishirini zilizojaa mistari na tarakimu, akaambiwa, "Haya, lipa." Naye hulipa, hali hajui kama alichonunua ni elimu au ni wino mtupu. Atakuja kujua baadaye, wakati ambapo kujua hakumfai tena kitu.

Jambo hili lilinifika mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa watu saba wa kamati ya madrasa ya mtaani kwetu. Jengo lilikuwa na chini na ghorofa moja, watoto wameongezeka hata wengine husoma barazani, na watu wema walikuwa wamekwisha kuchanga fedha ili tuongeze ghorofa mbili juu. Tukatangaza kwamba twatafuta mhandisi, zikaja barua tatu. Wa kwanza alitaka ujira mdogo kabisa, na aliahidi michoro kamili kwa siku nne. Wa pili alitaka mara mbili ya huyo. Wa tatu alitaka mara tatu, na tena, kabla ya kuchora mstari hata mmoja, alitaka tumpe fedha za kuchimba mashimo kando ya msingi wa jengo, na alikuwa ameandika maswali kumi na moja ambayo kamati iyajibu kwanza. Mzee mmoja wetu akasema, "Huyu bwana ataka kulipwa kwa kutuuliza maswali." Tukacheka sote, nami nikacheka pamoja nao.

Ndugu msomaji, kicheko kile si cha kushangaza, maana katika mwambao wetu watu walijenga karne nyingi bila ya kumjua mtu aitwaye mhandisi. Tazama nyumba za kale za Lamu, za Mombasa na za Mji Mkongwe wa Unguja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Aingiaye katika nyumba hizo huona kwamba vyumba ni virefu lakini ni vyembamba, na upana wake ni nadra kupita mita tatu. Sababu yake ni boriti. Mti wa mkoko una urefu wake na una nguvu zake, na fundi hakuweza kuuamuru uwe mrefu zaidi ya ulivyoumbwa. Basi boriti yenyewe ndiyo iliyokuwa mkaguzi. Tajiri akitaka chumba cha mita sita, mti ulimkatalia, na maneno yakaisha.

Zege na nondo hazikatai kitu. Waweza kumwaga zege upana wowote uupendao, ikakauka, ikasimama, ukaipaka rangi, ukaialika jamaa waje kula. Haitasema kwamba haina nguvu mpaka siku itakaposema. Kwa hiyo ukaguzi uliokuwa ndani ya mti umehamia katika karatasi, ndani ya hesabu za mtu mmoja ambaye pengine hukumwona uso. Hii ndiyo maana ya kununua huduma ya mhandisi: twanunua hesabu ambayo hatuwezi kuisoma, na juu yake twawaweka watoto wetu.

Katika mji wa Kansas City, nchini Marekani, kulifunguliwa hoteli kubwa mwaka 1980. Ukumbi wake wa mbele ulikuwa mrefu kwenda juu, na ndani yake yalining'inizwa madaraja ya kupitia watu, kila moja likiwa na urefu wa mita 37 hivi. Daraja la ghorofa ya nne lilikuwa juu kabisa ya daraja la ghorofa ya pili, na yote mawili yalishikwa na vyuma vyembamba vilivyotoka darini. Jioni ya Ijumaa, tarehe 17 Julai 1981, watu wengi walikusanyika ukumbini kwa dansi. Daraja la juu likachomoka katika vyuma vyake, likaangukia la chini, na yote mawili yakawaangukia waliokuwa sakafuni. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 waliumizwa.

Sababu yake yafaa kuelezwa polepole, kwa kuwa haihitaji elimu kubwa kuifahamu. Fikiri watu wawili wameshika kamba moja ndefu iliyofungwa juu ya mnazi, mmoja juu na mwingine chini yake. Kila mmoja anaibeba nafsi yake kwa mikono yake, na kamba inawabeba wote wawili. Hivyo ndivyo mchoro wa kwanza ulivyokuwa: chuma kimoja kirefu kutoka darini, nacho kimepita daraja la juu na kufika la chini, na kila daraja limekalia nati yake. Lakini chuma kile kingepasa kutiwa hesi sehemu kubwa ya urefu wake ili nati ya juu ifike mahali pake, na jambo hilo lilikuwa na taabu. Kiwanda kikashauri vyuma viwili vifupi: kimoja kutoka darini mpaka daraja la juu, na kingine kutoka daraja la juu mpaka la chini. Katika karatasi tofauti yake ni ndogo sana. Lakini sasa mtu wa chini ameiacha kamba, ameshika miguu ya mwenziwe. Kamba haina mzigo zaidi ya ule wa kwanza, bali mikono ya mtu wa juu inabeba watu wawili.

Badiliko lile lilipita katika michoro ya kiwanda, na michoro ile ikapigwa muhuri wa kampuni ya wahandisi kuwa imetazamwa. Hapana aliyekaa akapiga hesabu ya kiungo kile. Wahandisi walidhani kukipigia hesabu kiungo ni kazi ya kiwanda, na kiwanda kilidhani muhuri wa wahandisi ni ushahidi kwamba hesabu imefanywa. Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilipochunguza iliona kwamba hata mchoro wa kwanza ungaliweza kubeba asilimia 60 tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za mji ule, na kama kilivyojengwa, kiungo kiliweza asilimia 30 hivi. Tena kulikuwa na onyo la mapema. Sehemu ya paa la ukumbi uleule ilikuwa imeanguka mwezi Oktoba 1979, jengo likiwa bado mikononi mwa mafundi, na hapo palikuwa na nafasi ya kukitazama upya kila kiungo. Kile cha madaraja hakikutazamwa.

Hatimaye wahandisi wawili walinyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri. Mmoja wao, Jack Gillum, aliyekuwa mkuu wa kampuni, miaka ya baadaye alikuwa akisimama mbele ya mikutano ya wahandisi na kuwasimulia kosa lile. Mimi namheshimu kwa hilo. Si wengi wawezao kuifanya aibu yao kuwa darasa la wengine.

Angalia kwamba mwenye hoteli hakuwa maskini, wala wahandisi hawakuwa matapeli wa vichochoroni. Walikuwa na vyeti, na ofisi, na majina. Kilichokosekana ni jambo moja tu ambalo mnunuzi yeyote, ajapokuwa hajui hesabu, angaliweza kuliuliza: "Kitu kikibadilika, ni nani atakayepiga hesabu upya, nami nitaiona wapi?"

Kisa cha pili ni cha zamani zaidi. Mwaka 1907 lilikuwa linajengwa daraja la reli juu ya mto Saint Lawrence, karibu na mji wa Quebec, nchini Kanada. Mshauri mkuu wake alikuwa Theodore Cooper, mmoja wa mabingwa wa madaraja wa Marekani. Alishauri nafasi ya kati ya daraja irefushwe kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, yaani mita 549 hivi, lakini uzito wa chuma haukupigiwa hesabu mpya kwa wakati wake. Serikali ya Kanada ilipotaka mhandisi wake aikague kazi ile, Cooper aliona ni kudharauliwa, akakataa. Yeye mwenyewe alikuwa mzee na mgonjwa, naye aliisimamia kazi akiwa New York, hakufika pale daraja lilipokuwa likiinuliwa. Mhandisi kijana aliyekuwapo aliona vyuma vya chini vimeanza kupinda, akasafiri mwenyewe kwenda kumpa habari. Cooper akapiga simu ya maandishi kiwandani kwamba mzigo usiongezwe. Amri ile haikufika mtoni kwa wakati, na jioni ya siku hiyohiyo, tarehe 29 Agosti, daraja likaanguka na kuua wafanyakazi 75.

Huku kwetu nako hatukusalimika. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa limefikia ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam, wakafa watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la kupangisha lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, wakafa watu wapatao 50, na wakuu wa serikali walisema halikuwa na kibali. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka lilianguka Kariakoo, wakafa zaidi ya watu 20. Misiba hii haitokani yote na michoro mibaya. Mingine hutokana na kuongeza ghorofa zisizokuwa katika mchoro, mingine na zege iliyopunguzwa saruji, mingine na kutokuwapo mhandisi kabisa. Lakini hata hayo hurudi katika swali letu, kwa maana huduma ya mhandisi haiishi karatasi zinapokabidhiwa.

Basi mtu asiyejua hesabu atapima nini?

La kwanza ni jepesi, nalo hupuuzwa. Tanzania ina sheria ya kuwasajili wahandisi ya mwaka 1997, na Kenya ina sheria ya wahandisi ya mwaka 2011, na kila nchi ina bodi yenye daftari la majina. Mwenye kujenga aulize kama jina lililo chini ya mchoro limo katika daftari hilo. Na aulize tena, kwa adabu, kama mwenye jina ndiye aliyefanya kazi, au ameazimisha muhuri wake kwa kijana aliyechora usiku. Swali hili huwaudhi wengine. Aliyefanya kazi kwa mkono wake halimuudhi.

La pili ndilo lile tulilolichekea katika kamati. Mhandisi mwema huuliza maswali mengi kabla ya kuchora, na maswali yake ni ya ajabu kwa asiyejua. Je, kisima cha zamani kilikuwa wapi? Hapa palikuwa na choo? Maji ya mvua hupita upande gani? Chumba hiki kitalaliwa na watu wawili, au kitasaliwa na mia mbili? Mambo haya yana uzito wake katika kilo. Sakafu ya nyumba ya kukaa, kwa kanuni zilizozoeleka, hufanyiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba, lakini mahali pa mkusanyiko huhitaji kilo 300 hadi 500. Nyumba iliyogeuzwa msikiti bila ya hesabu mpya imezidishiwa mzigo, ijapokuwa haikuongezwa tofali hata moja. Kadhalika tangi la maji ya udhu juu ya paa. Lita moja ni kilo moja, basi tangi la lita 10,000 likijaa ni tani kumi, uzito wa magari kadhaa madogo yaliyowekwa pembe moja ya paa. Mara ngapi tumepandisha tangi kwa kamba na vijana wanane, tukasema Alhamdulillah, pasipo kumwambia mtu?

Kisha itazamwe michoro yenyewe, hata na asiyejua. Mchoro mzuri humwambia fundi kila kitu: unene wa nondo, idadi yake, umbali baina ya moja na nyingine, mahali pa kuunganishwa na urefu wa kupandana, na zege ya nguvu gani. Humwambia pia kina cha zege ya kuifunika nondo, jambo kubwa sana kwetu sisi wa pwani. Chumvi ya bahari hupenya, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka. Aliyenakili mchoro wa nyumba ya bara akauleta Tanga au Malindi bila ya kuongeza kifuniko hicho, ameuza mchoro wa mtu mwingine. Fundi wako ni shahidi mzuri hapa. Akiwa kila siku husimama na kuuliza, "Hapa niweke ngapi?" basi aliyechora ameacha kazi nusu, na nusu iliyobaki anaifanya fundi kwa kukisia.

Mwenye jengo apewe na hesabu pia, wala si michoro peke yake. Najua utasema, "Nitazifanyia nini?" Hutazisoma wewe. Utampa mhandisi wa pili, asiyekuwa na sehemu katika kazi hiyo, azikague kwa ujira mdogo. Asiyetaka kazi yake itazamwe na mwenziwe, kama Cooper alivyokataa, ametupa habari tuliyokuwa tukiihitaji. Kwetu sisi watu wa heshima jambo hili lina ugumu, kwa kuwa twaona kukagua ni kutuhumu. Lakini katika deni twaandika na kuweka mashahidi, wala hapana anayesema kwamba ametukanwa.

Kuhusu ujira nitasema kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo kamati nyingi huteleza. Ujira wa mhandisi ni sehemu ndogo ya gharama za jengo. Saruji, nondo na mikono ya mafundi ndiyo ilayo fedha. Hata hivyo sisi hubishana juu ya ile sehemu ndogo kwa saa tatu, na ile kubwa tukaipitisha kwa dakika kumi. Mhandisi aliyebanwa bei hana muda wa kupiga hesabu, naye ana njia mbili. Ama atapunguza pasipojulikana, ama, akiwa mwoga, atajaza nondo kila mahali ili alale usingizi. Jengo la namna hii ya pili halianguki, na mwenyewe hujisifu kwamba nyumba yake ni ngome, kumbe ameinunua mara mbili. Mchoro mbaya si lazima uue. Mara nyingi hula fedha tu, au huacha paa livuje na kuta zipasuke pembeni mwa madirisha. Marekani walilitazama jambo hili wakatunga sheria mwaka 1972, kwamba serikali yao kuu iwachague wahandisi na wasanifu kwanza kwa ujuzi wao, na habari za bei zizungumzwe baadaye na yule aliyeonekana anafaa zaidi. Katika zabuni nyingi za kimataifa hutumika bahasha mbili: ya ujuzi hufunguliwa mwanzo, ya bei haifunguliwi mpaka ile ya kwanza imekwisha kupewa alama. Sioni sababu kwa nini kamati ya madrasa isiweze kufanya vivyo hivyo kwa bahasha za dukani.

Mwisho ni kufika kazini. Mkataba useme mhandisi atakuja mara ngapi, na khasa kwamba zege ya msingi, ya nguzo na ya kila sakafu haitamwagwa kabla hajaziona nondo kwa macho yake na kutia sahihi. Zege ikishamwagwa, siri imefunikwa. Na mkandarasi akitaka kubadili chochote, japo nati, aandike, na mhandisi aandike jibu, na hesabu mpya iwekwe katika faili ileile. Kansas City ilikuwa ni nati.

Narejea sasa kwetu. Juma lililofuata kamati ilikutana tena, nami nikawasimulia habari ya watu wawili na kamba. Yule mzee alinyamaza muda, kisha akauliza mashimo yatagharimu kiasi gani. Tukachimba matatu. La kwanza na la pili yalionyesha mchanga mzuri. La tatu, katika pembe iliyo chini ya chumba cha watoto wadogo, lilitoa kifusi, vigae na udongo mweusi uliolegea, na mama mmoja wa jirani, mwenye miaka zaidi ya themanini, akasema bila ya kustaajabu kwamba hapo ndipo palipokuwa choo cha nyumba ya babu yake. Hapana hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.

Mhandisi alituandikia barua ya kurasa mbili. Alisema msingi ule unaweza kuendelea kubeba ulichobeba, na pembe ile iimarishwe, lakini ghorofa mbili hauwezi, na kuuzidishia nguvu kutakula fedha zaidi ya kujenga upya. Hakutoa mchoro hata mmoja. "Basi tumelipa mara tatu," akasema yule mzee, "na mchoro hatukupata." Kisha akavuta kalamu, akawa wa kwanza kutia sahihi hati ya malipo.

Pembe imeimarishwa. Fedha za ghorofa zimewekwa, na twazungumza na jirani wa nyuma juu ya kiwanja chake, ijapokuwa bei aitakayo bado ni kubwa. Watoto wanasoma kwa zamu mbili, wadogo asubuhi na wakubwa baada ya alasiri.